Pepo wa Kuazima

Nyumba ya Bi Fatma binti Zahor ilinuka harusi tangu konani mwa mtaa. Sajini Silima Duni aliipata harufu kabla hajauona mlango: hiliki, vitunguu vya kukaanga, udi, na mbuzi ambaye jana alikuwa akipiga kelele uani na leo alikuwa amenyamaza kabisa. Aliiegemeza baskeli yake ukutani, akaivuta kaptula ya kazi juu ya tumbo, akakohoa kikazi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Polisi."

"Polisi yupi? Yule mnene au yule anayefanya kazi?" sauti ilijibu kutoka jikoni, na wanawake wote waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko.

"Mnene," alijibu Silima. "Anayefanya kazi kaenda likizo."

Wakazidi kucheka, wakampisha apite. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kesi hii. Mtaa mzima wa Malindi ulikuwa ukicheka, ukipika na kushona, kwa sababu kesho Jokha wa Bi Fatma anaolewa. Na katikati ya raha yote hiyo palikuwa na kidani cha dhahabu kilichopotea na mwanamke mmoja ambaye alasiri hii angeharibiwa maisha yake.

Kidani chenyewe hakikuwa cha Jokha. Biharusi wa mjini hatoki na dhahabu yake peke yake, hata akiwa nayo ya kujaza ndoo. Huazimwa na ndugu, huazimwa na majirani, mpaka shingo imwinamie. Hiki aliazimwa na mama yake mdogo, Bi Mwanakheir, ambaye naye alikivaa siku ya harusi yake. Jana asubuhi kilikuwa ndani ya kisanduku chake, juu ya kasha, chumbani kwa biharusi. Chumbani mlikuwa na watu wawili tu, Jokha mwenyewe, anayechorwa, na Mwatima, mchora hina kutoka Makunduchi. Ilipoadhiniwa adhuhuri kisanduku kilikuwa kitupu.

Bi Fatma alimpokea Silima chini ya ngazi, funguo kiunoni, uso umeiva kwa moto wa jikoni.

"Shikamoo, Bi Fatma."

"Marahaba. Umemkamata?"

"Bado."

"Bado! Hata mie ningekuwa wa Makunduchi kama weye nisingemkamata mtu wa Makunduchi." Alimtazama juu mpaka chini. "Lakini usijisumbue. Alasiri tunakwenda kumsuta. Ngoma zishaagizwa."

Silima alijua maana yake. Wanawake wa mtaa wangekusanyika mlangoni kwa Mwatima, wapige ngoma, wamwite kwa jina, wamwimbie alilolifanya mpaka kila dirisha lisikie. Hakuna kifungu cha sheria kinachokataza wanawake kuimba. Lakini mchora hina akishasutwa kwa wizi, nyumba gani tena yenye biharusi itamfungulia mlango? Kazi ya mikono yake ingekwisha leo leo, kabla jua halijazama.

"Naomba nikitazame tena kile kisanduku," alisema.

"Jana si umekitazama?"

"Jana nilikuwa na njaa."

Kililetwa. Silima alikipeleka dirishani, akakifungua. Ndani kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha atlasi nyeupe. Jana aliona hapo kichembe cha kijani kilichokauka, kama kipande cha jani, akakipuliza kikaruka. Leo, mahali pale pale, palikuwa na doa la rangi ya chungwa lililoiva.

"Haa," alisema.

"Haa nini?" Bi Fatma alisogea. Alipoliona lile doa alipiga kofi mapajani. "Hina! Si nilisema! Nani mwenye hina humu ndani? Mchora hina!"

"Jana haikuwapo."

"Jana ilikuwa mbichi! Hina huiweki leo ukaiona leo, mwanamme wewe. Huwekwa kijani, rangi ikaja ikiamka."

Silima aliinamisha kichwa kukubali mafunzo. Doa lenyewe lilikuwa na umbo lake: petali nne, na ya tano imeburutwa, na kijishina kinachopinda. Lilikuwa ua. Alikifunga kisanduku polepole akakitia kwapani.

Mara ukasikika ukelele kutoka juu.

Bi Mwanakheir alikuwa akishuka ngazi, kajitanda shuka nyeupe, macho yamemtulia mbele kama anayetazama mbali. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kiume. "Assalaam alaikum."

"Pepo! Kampanda! Mpisheni!" Viazi viliachwa, mkeka ukatandikwa, udi ukaongezwa makaa. Hakuna aliyeshangaa sana. Bi Mwanakheir aliachwa na mumewe zamani, akaugua, hali, halali, analia, mpaka alipopelekwa kwa Bi Wanu, fundi wa pepo kule Chukwani, akawa kiti, yaani mtu wa kupandwa na pepo. Na kila mtu wa Malindi anajua kwamba pepo akipanda, anayesema ni yeye. Kiti hakiulizwi, wala hakilaumiwi.

"Kidani nimekichukua mimi," alisema pepo, na Bi Mwanakheir akainua mkono wa kulia juu. "Kwa mkono huu. Nimekitupa baharini. Msimsute mtu."

Jiko zima likaguna. Silima alipiga goti mbele ya mkeka, kwa adabu, akautazama ule mkono uliokuwa juu. Kiganja kilikuwa cheupe, safi, kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Bwana mkubwa," alisema, "ulikitupa wapi hasa?"

"Baharini."

"Bahari ni kubwa, bwana mkubwa."

"Ndio maana hutakipata," alisema pepo, akashuka. Bi Mwanakheir akalegea, akapewa maji, akauliza kuna nini.

Bi Fatma alimvuta Silima kando. "Usibabaike. Pepo gani huyu anayejua saa ya suto? Namjua mdogo wangu, paka wote wa Malindi wanakula kwake. Anamhurumia yule mchora hina, basi kamwazimia pepo. Suto liko pale pale!"

Silima alikubali kwamba pepo yule alikuwa wa kuazima. Kaazimiwa nani, hilo lilikuwa swali jingine. Alipanda baskeli yake akashika njia ya Chukwani.

*

Mlangoni kwa Bi Wanu palikuwa na safu ya viatu, na yeye mwenyewe alikuwa ukumbini akichambua dagaa, tambuu mdomoni. Silima alitarajia kikongwe. Alimkuta mwanamke asiyemzidi umri, mwepesi wa mikono, mwenye macho ya kumcheka mtu kabla hajasema.

"Viatu hapo."

Silima alivua mabuti. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatoka nje kuja kuamkia.

"Lo! Serikali nzima haina sindano?" alisema Bi Wanu.

"Nimekuja kuhusu pepo wa Bi Mwanakheir."

"Basi umejichosha bure na jua hili. Kahawa utapewa. Jibu hupewi."

"Mie polisi, Bi Wanu."

"Na mie fundi. Anayoyasema kiti humu ndani hayavuki kizingiti. Mumewe mwenyewe alikuja kuuliza zamani, nikampa kahawa nikamrudisha."

Silima alikunywa kahawa. Ilikuwa kali na tamu ya tangawizi. Alikunywa kikombe cha pili, maana haki ya mtu isipotezwe, kisha akajaribu mlango mwingine.

"Basi nieleze kazi yako tu. Mgonjwa akija kavunja vyombo vya watu, akasema si yeye, ni pepo, weye unafanyaje?"

"Namwambia haya, ni pepo. Simsuti. Nikimsuta atapona? Atajificha tu." Bi Wanu alitupa kichwa cha dagaa kwa paka. "Lakini pepo akishashuka, vigae anaokota nani? Yeye. Kwa mwenye vyombo anakwenda nani? Yeye, kwa miguu yake. Mie nipo nyuma namshikia mwavuli asipigwe na jua. Lawama nnawaambia waiache hapo nje pamoja na viatu. La kufanya waingie nalo ndani."

"Na akitokea mtu kwa huruma zake akamwokotea vile vigae?"

Mikono ya Bi Wanu ilisimama juu ya ungo.

"Huyo ndiye anayenipa kazi kuliko mapepo yote," alisema. "Anamfanya mgonjwa akae mgonjwa. Anapenda, masikini, lakini anamnyang'anya mwenzake miguu." Kisha akamkazia macho. "Mie sijakwambia kitu."

"Hujaniambia kitu."

"Na wewe, hao watu wako unawaulizaje?"

"Nnawauliza kwa nini umefanya." Silima alipiga meza ya hewani. "Hivi."

Bi Wanu alicheka mpaka tambuu ikataka kumtoka. "Ndio maana wanakudanganya! Ukimwuliza mtu kwa nini, ushamwinulia rungu. Muulize kimemuuma nini. Atakuja mwenyewe mpaka hapo kwenye kwa nini yako, na atakuja akitembea."

Silima alivaa mabuti yake, akaficha kidole.

*

Chumba alichopanga Mwatima kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Fatma, mlango ukiangalia mtaani. Alimkuta kakaa barazani kwake, kaoga, kajipamba, kavaa kanga mpya jozi nzima, asumini kichwani.

"Unakwenda harusini?" aliuliza Silima.

"Nnangojea wageni," alisema Mwatima. "Nasikia wanakuja na ngoma. Wakinikuta na kanga kuukuu watasema mwizi na mchafu pia. Angalau moja liwe uongo mtupu."

Wakacheka, wakaamkiana Kikae, lugha ya kwao, na kwa dakika chache wakaulizana habari za Makunduchi, nani kazaa, nani kagombana na nani. Kisha Silima aliketi. Ulimi wake ulishaanza kusema "kwa nini", akaurudisha.

"Mwatima, jana kule kwa biharusi, kitu gani kilikuuma?"

Mwatima aliitazama mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa rangi ya piko la miaka. Furaha yote ya kujitia ikamtoka usoni.

"Sajini," alisema polepole, "nna kosa moja. Sijamwambia mtu."

Haya, yametimia, Silima alijisemea, na mtu wangu wa Makunduchi ndiye. "Liseme."

"Nilimharibia biharusi mkono."

"Ulim... nini?"

"Mkono! Nilikuwa nishamaliza wa kushoto, nimeufunga vitambaa. Wa kulia nimemchorea ua katikati ya kiganja, ua langu mwenyewe, petali tano na kijishina kimepinda, halichorwi na mtu mwingine. Nikashuka jikoni kuomba ndimu na sukari ya kuipaka ipate kushika rangi. Niliporudi, ua lote limechakaa, petali moja imekwenda huko." Machozi yalimlenga. "Miaka yote sijapata kuharibu ua. Nikasema mkono wangu umezeeka. Nikachukua kijiti haraka haraka, nikalifunika kwa majani makubwa, nikanyamaza. Bi Fatma akijua, si ndio basi tena?"

"Unachora kwa kijiti?"

"Siku zote. Kwani nnakanda mkate?"

"Vidole havigusi hina?"

"Vikigusa, kazi imeharibika."

Silima alikifungua kisanduku, akamwekea mapajani. Mwatima alilitazama doa lile la chungwa. Akakigeuza kichwa huku, akakigeuza kule.

"Ua langu hilo," alisema. "Lakini limegeuka. Kijishina chake kinakwenda kulia, hapa kimekwenda kushoto."

"Kama mtu kabandika kiganja kibichi," alisema Silima.

"Lahaula."

"Hujaniambia kitu. Wala mie sijakwambia kitu." Alisimama. Mwisho wa mtaa wapigangoma walishawasha moto wa makuti, wanaziotesha ngoma zikaze. "Kaa hapa hapa. Usikimbie, wala usifunge mlango."

"Nikimbie na kanga mpya? Iloe jasho bure?" alisema Mwatima.

*

Mwanamme haingii chumbani kwa biharusi, awe Sajini, awe Sultani. Bi Fatma alikuwa nje akipanga safu ya waimbaji, kwa hivyo aliyempokea Silima huko juu alikuwa Bi Mwanakheir. Alimwekea kiti nje ya chumba, akateremsha pazia mlangoni, mwenyewe akaketi ndani kando ya Jokha.

Silima alikipitisha kisanduku chini ya pazia.

"Bi Jokha, kuna ua humo ndani. Tafadhali liwekee kiganja chako cha kulia."

Bangili zililia kidogo, kisha zikaacha.

"Mwache mtoto," alisema Bi Mwanakheir. "Pepo wangu kashasema. Ni yeye."

"Bi Mwanakheir, mie na pepo wako hatuna ugomvi. Lakini mkono alionionyesha hauna hina." Alivuta pumzi. "Sikuulizi kwa nini, Bi Jokha. Nakuuliza tu, jana kitu gani kilikuuma?"

Ngoma moja ilijaribiwa huko chini, dum, ikanyamaza.

"Roho," alisema Jokha. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya mtu mzima. "Kila aliyeingia humu alikitazama kile kidani akasema, ndicho alichokivaa Mwanakheir. Hawamalizii, lakini mie nnamalizia. Mama mdogo alikivaa, akaachwa hata hina haijamtoka. Nilikuwa nimekaa nimefungwa mkono mmoja, mwingine mbichi, nakitazama kinanitazama. Mwatima alipotoka nilinyanyuka. Nikakichota, nikakitumbukiza ndani ya bakuli la singo ya kunisugulia mwili, chini kabisa. Nilitaka kije kionekane harusi ikishapita. Basi." Alipiga kwikwi. "Nitamwambiaje mtu? Nimwambie mama mdogo, ahsante kwa kidani, lakini sitaki bahati yako?"

Silima alisubiri kilio cha Bi Mwanakheir. Badala yake alisikia kitu ambacho Malindi haikukisikia kwa miaka: Bi Mwanakheir alikuwa akicheka, kicheko cha tumboni, hawezi kujizuia.

"Mwanangu wee! Kidani ndicho kilichoniacha? Aliyeniacha ana miguu miwili na masharubu, na mpaka leo yuko hapo Darajani anauza taa! Kidani masikini ya Mungu, miaka yote kimekaa na mie hakijaninunia hata siku moja. Siku ile, mwanangu, kitu pekee kilichokuwa kizuri kilikuwa kidani."

Jokha naye akashikwa na kicheko katikati ya machozi, na Silima nje ya pazia akajiuma mdomo mpaka akashindwa.

"Nililiona lile singo limefukuliwa," alisema Bi Mwanakheir alipotulia. "Na hina imedondoka ukingoni mwa bakuli. Nikasema, mtoto ana harusi kesho, pepo wangu hana. Keshabeba mangapi, hili litamzidi nini? Na nilisema msimsute mtu."

"Wamekataa," alisema Silima.

"Basi nenda weye. Waambie kidani kimeonekana kwenye singo, kimeanguka. Yamekwisha."

Lilikuwa shauri zuri, jepesi, la kumrudisha mtu nyumbani mapema akale biriani. Silima alishafungua mdomo kulikubali. Akaufunga. Hakuna kazi iliyomshinda siku ile kuliko kuufunga ule mdomo.

"Bi Jokha," alisema. "Weye mwenyewe unataka kufanyaje?"

Ngoma zilianza sawasawa sasa, na vigelegele juu yake, zikisogea kuelekea nyumba ya tatu.

"Mkisema kimeonekana," alisema Jokha, "watasema Mwatima kaogopa suto, kakirudisha."

"Watasema."

Bangili zikalia tena, na safari hii hazikuacha. "Mama mdogo, nipe buibui."

"Una wazimu! Biharusi hatoki mpaka kesho! Ntakwenda mie."

"Siku ulipokwenda kwa mkweo kumtaka radhi kwa zile sahani alizozivunja pepo, Bi Wanu alikwenda badala yako?"

"Alinishikia mwavuli," alisema Bi Mwanakheir, na Silima akasikia kasha likifunguliwa.

*

Mtaa ulikuwa umejaa mpaka kwenye vibaraza. Bi Fatma alikuwa mbele, mkono kiunoni, ameshavuta pumzi ya kumwita mchora hina kwa jina, wakati ngoma zilipoanza kufa, moja baada ya moja, kutoka nyuma kuja mbele. Wanawake walikuwa wakipisha. Katikati yao alikuwa akija mtu aliyejifunika buibui gubigubi, na nyuma yake Bi Mwanakheir kanyoosha mwavuli juu, na miguu iliyotoka chini ya lile buibui ilikuwa imechorwa hina mpya ya harusi mpaka fundoni.

"Mungu wangu," alisema Bi Fatma. "Jokha?"

Jokha alifunua uso. Alisimama mbele ya baraza ya Mwatima.

"Nimekichukua mimi," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Mwatima hana habari. Niliogopa, nikakificha. Aliposingiziwa nilijua, nikanyamaza nikaendelea kula halwa. Hakuna pepo. Ni mimi." Akatoa mkono wa kushoto ndani ya buibui, na kidani kikang'aa, kimejaa singo kwenye kila pete.

Silima alijibanza ukutani, akaliacha jambo liende kwa wenyewe.

Mwatima aliteremka barazani. Hakukitazama kidani. Aliushika mkono wa kulia wa Jokha, akaugeuza, akakifungua kiganja, akalitafuta ua lake chini ya yale majani aliyolifunikia.

"Kwa hivyo ua halikujiharibu," alisema. "Ulikibandika kiganja mwenyewe."

"Nilikibandika mwenyewe. Nisamehe."

"Kumbe si mkono wangu!" Mwatima aliruka kama mtoto. "Jamani, si mkono wangu! Haujazeeka! Tangu jana nnaulaani mkono wa watu!" Akaubusu mkono wake mwenyewe, kulia na kushoto, na mtaa mzima ukalipuka kwa kicheko, na waliokuwa wakilia wakacheka vile vile.

Bi Fatma peke yake hakucheka. Alitazama wapigangoma, akawatazama waimbaji aliowapanga kwa mkono wake. Kisha alifungua funguo zake kiunoni, akampa Bi Mwanakheir, akaingia katikati ya duara.

"Ngoma nimeziita mie, kwa mtu asiye na kosa," alisema. "Na ngoma ikishaota moto hairudi kwao kimya. Haya, nisuteni mie."

"Bi Fatma!"

"Nisuteni, nimesema! Na mkaze!"

Walimtazama kidogo kuhakikisha. Kisha mmoja akaanza kwa woga, mwingine akapokea, na punde mtaa mzima ukawa unaitikia: "Bi Fatma, Bi Fatma, ulimi mbele macho nyuma! Hukuona, ulisema! Hukuuliza, ulivuma!" Na Bi Fatma, mwanamke mzito wa heshima zake, akalicheza suto lake mwenyewe, akizunguka polepole na mikono juu, jasho na machozi yakimshuka pamoja. Mwatima aliomba ngoma moja. Akapewa, akaipiga kwa ile mikono yake iliyorudi kuwa mizima.

Ngoma zilipopoa, Mwatima alimketisha Jokha barazani, akaleta bakuli la hina na kijiti. Alirekebisha majani, akaongeza mashina, akapanda na maua madogo mpaka kwenye kiwiko. Mahali pa ile petali iliyoburutwa hakupagusa.

"Na hapo?" aliuliza Jokha.

"Hapo napaacha."

"Kesho kila mtu ataushika mkono wangu autazame. Wataniuliza."

"Waache wakuulize," alisema Mwatima, akainama akaipuliza hina ikauke. "Uwaambie mwenyewe palichafukaje. Na wakikuuliza maua haya mazuri kachora nani, unitaje kwa jina, kila mmoja, mpaka wa mwisho."

"Nitakutaja."

"Basi usikunje kiganja," alisema Mwatima.